Muulize Fundi Paa: Silikoni Si Dawa ya Kila Tone

Mvua zimeanza na barua zimefuata. Nimezisoma zote zinazohusu madirisha ya paa, na nyingi zina sentensi ile ile: "Fundi, tumeshapaka silikoni." Najua. Ningeshangaa kama hamjapaka. Basi safu yote leo ni ya dirisha la paa: lile la kioo chenye fremu, lile la kuba la plastiki, na lile bati angavu linalochomekwa katikati ya mabati ili chumba kipate mwanga. Mlioniuliza kuhusu gata na matangi, nawaomba subira.

Shikamoo Fundi. Dirisha la paa la sebuleni kwetu linavuja kwenye kona ya juu, kushoto, lakini si kila mvua. Manyunyu hayana neno. Ikipiga mvua kubwa ya nusu saa ndipo matone yanaanza. Mafundi watatu wamepanda kwa nyakati tofauti na kila mmoja amepaka silikoni kuzunguka kioo. Linanyamaza wiki chache, kisha linarudia. Paa ni la vigae. Je, tununue kioo kipya?
*Mama wa nyumba ya vigae*

Marahaba, mama. Usinunue. Kioo hakina kosa, na ushahidi umeutoa mwenyewe: tone linatokea kona ya juu, tena linasubiri mvua kubwa. Raba ya kioo ikichakaa, hata manyunyu hupenya, na maji yake huonekana zaidi upande wa chini wa fremu kwa sababu kioo kimelala na kila kitu kinateremkia huko. Maji yanayojitokeza juu ya dirisha yametoka kwenye paa lililo juu yake.

Hebu tupige hesabu ya mzigo unaoubebesha ukingo ule wa juu. Tuseme dirisha lina upana wa mita 1, na kutoka hapo hadi mgongo wa paa ni mita 4. Hizo ni mita 4 za mraba za vigae. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 kwa saa inashusha lita 200 kwa saa, zote zinagonga ukuta mdogo wa fremu na kutakiwa zigawanyike, nyingine kushoto, nyingine kulia. Pakiwa na majani makavu, udongo au kiota cha ndege, njia inaziba. Maji yanasimama, yanapanda, yanavuka ukingo wa bati lililokunjwa pale nyuma, halafu yanashuka ndani. Manyunyu hayafikii kiasi hicho, ndiyo maana yanakupa moyo wa bure.

Kinacholinda fremu ni vipande vya bati jembamba, flashingi. Kipo cha chini, kinachotoka kwenye fremu na kulalia vigae vilivyo chini yake. Vipo vya pembeni, vifupi vifupi, vinavyopanda daraja kwa daraja, kila kimoja kikiingia chini ya kigae chake. Kipo na cha juu, ambacho ukingo wake wa nyuma unaingia chini ya vigae na chini ya tandiko la paa, yaani lile shuka la kuzuia maji linalotandazwa chini ya vigae. Kanuni yake ni moja tu: cha juu kikilalie cha chini, kama magamba ya samaki. Ndiyo maana kufunga huanzia chini, kukaenda pembeni, kukamalizikia juu. Kipande kimoja kikipinduliwa, kikawa chini pale kilipotakiwa kuwa juu, umetengeneza mfuko wa kukingia maji. Na mfuko huo hakuna gundi itakayouziba kwa kudumu, kwa sababu jua linaikausha gundi na bati linatanuka na kusinyaa chini yake kila siku.

Silikoni ya hao watatu huenda imeongeza tatizo. Gundi inayopakwa juu ya kiungo ambacho maji yanaingilia nyuma yake inakuwa bwawa: maji yaliyokwishaingia sasa hayana pa kutokea ila sebuleni.

Lakini usiniamini mimi niliyekaa mbali. Uamini mpira wa maji. Ngojeni siku kavu. Mtu mmoja abaki ndani na tochi, na kama dari inafunguka pembeni ya dirisha ifungueni aone mbao. Mwingine awe juu na mpira wa kawaida wa bustani, maji yakitoka polepole. Ile mashine ya kuoshea magari iacheni, inasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki. Aanze chini kabisa, kwenye vigae vilivyo chini ya fremu, na akae hapo dakika 10 nzima. Kimya? Apande kwenye ukingo wa chini wa kioo. Kisha ubavu mmoja. Kisha ubavu wa pili. Kisha ukingo wa juu. Wa ndani akipiga kelele, wa juu asimame palepale na kuweka alama ya chaki. Watu hupenda kuanzia juu kwa sababu ndiko wanakoshuku. Maji yanashuka yakilowesha kila kitu, tone linatokea, na hakuna anayejua limeingilia mlango upi.

Hatua ya mwisho ya jaribio hilo ndiyo inayorukwa na wengi: kumwagilia vigae vilivyo mita moja au mbili juu ya dirisha. Kigae kilichopasuka karibu na mgongo wa paa kinaweza kuingiza maji yakatambaa juu ya tandiko, au yakafuata ubavu wa mbao, mpaka yakakuta tundu la dirisha. Hapo yanadondoka kwa kuwa hapo ndipo paa lilipokatwa. Nimeitwa mara nyingi kwenye dirisha linalovuja nikaishia kubadilisha kigae kimoja tu, na mwenye nyumba akanitazama kana kwamba nimemdanganya.

Jaribio likithibitisha kona ile ya juu, fundi afungue vigae vya juu na vya kushoto, asipake chochote kabla hajaona. Aangalie mambo haya: je, tandiko limelalia ukingo wa flashingi, au limeingizwa chini yake? Pembe ilipokunjwa bati pana ufa au kutu? Kuna mtu aliyepigilia msumari katikati ya bati, mahali ambapo maji yanapita? Msumari huo ni mchezo wa mafundi wenye haraka, nao huvuja miaka kadhaa baadaye wakati fundi mwenyewe ameshasahaulika. Kipande kibovu kitolewe na kuwekwa kizima. Kama dirisha ni la kiwandani, flashingi yake huuzwa kama seti, na seti ya vigae vyenye mawimbi si ile ya paa la vigae bapa. Silikoni yote ya zamani ikwanguliwe mpaka bati lionekane, maana silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani.

Baada ya hapo, majani yaondolewe kila kabla ya mvua. Hilo ni la nyumba, si la fundi.

Fundi, sisi dirisha la paa liko juu ya bafu. Asubuhi nakuta maji kwenye fremu na rangi inabanduka, hata wiki isiyo na mvua kabisa. Mume wangu anasema ni umande unapenya kwenye kioo. Mimi nasema kioo hakipenyi. Tuamulie.
*Asiyekubali kushindwa*

Mpe mumeo nusu ya alama. Ni umande, ila haujatoka nje. Umezaliwa humo humo bafuni.

Hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 60, ambayo ni hewa ya kawaida ya ndani ya nyumba, huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au pungufu. Hewa ya bafu mtu akishaoga maji moto imebeba unyevu mwingi zaidi, kwa hiyo haihitaji kioo kiwe baridi kiasi hicho. Usiku dirisha la paa linaangalia mbingu na kupoa kuliko dirisha la ukutani. Mvuke unapanda, unakikuta kioo, unageuka matone, matone yanateleza hadi fremu ya chini na kukaa kwenye mbao. Fremu ya aluminiamu tupu hutoa jasho kuliko ya mbao, kwa kuwa aluminiamu hupitisha ubaridi haraka.

Mkitaka ugomvi uishe kwa ushahidi, kausheni kioo na fremu, kisha bandikeni karatasi angavu ya plastiki kwa ndani kufunika tundu lote, kingo zote zikiwa zimeshikwa na utepe. Maji yakitokea upande wa plastiki unaoangalia chumba, ni mvuke wenu. Yakitokea nyuma ya plastiki baada ya mvua, kuna mahali panapovuja.

Dawa yake haiko juu ya paa. Washeni feni ya kutolea hewa wakati wa kuoga na muiache iendelee dakika 20 hivi baadaye. Feni hiyo itoe hewa nje kabisa. Nimeziona zinazotema mvuke ndani ya dari, na hapo umehamisha tatizo kwenye mbao usizoziona. Kama dirisha linafunguka, lifungueni. Kuta za lile tundu linaloshuka kutoka kwenye paa hadi dari ziwekewe pamba ya kuzuia joto kwa nyuma. Kioo cha tabaka moja, siku kitakapobadilishwa, kibadilishwe kwa cha tabaka mbili.

Joseph Paxton, aliyesanifu Crystal Palace, lile jengo la vioo la London la mwaka 1851, aliliona jambo hili mapema. Mbao zake za kubebea vioo vya paa zilichongwa mfereji juu wa kupokea mvua, na vijifereji viwili vya ndani vya kupokea jasho la kioo. Fremu nyingi za leo nazo zina kijifereji chembamba upande wa chini wa ndani kwa kazi hiyohiyo. Kikaguliwe kabla ya kupaka rangi. Mara nyingi nakikuta kimejazwa rangi na uchafu, maji yamekosa pa kukaa yakaingia kwenye mbao.

Kioo cha dirisha letu la paa kina ukungu katikati ya vioo viwili. Tunafuta ndani, tunafuta nje, hautoki. Kuna dawa ya kupuliza?
*Msomaji wa ghorofa ya juu*

Hakuna. Vioo hivyo viwili vimefungwa kwa muhuri kwenye kingo, na kwenye ukanda unaovitenganisha kuna chembe za kunyonya unyevu. Muhuri umekatika, chembe zimeshiba. Fremu ikiwa nzima, badilisha kioo peke yake: pima unene wote, urefu na upana, uagize pacha yake. Wanaotoboa kioo na kukausha katikati huwa wanakurudishia uwazi kwa muda, ila muhuri haurudi.

Fundi, nakuandikia nikiwa na ndoo chini ya dirisha. Mvua haijakatika na dari imeanza kushuka kama tumbo. Nifanye nini usiku huu, kabla ya mambo ya flashingi?
*Mwenye ndoo*

Najua barua yako imenifikia ndoo ikiwa imeshakauka, ila mwingine atakuwa nayo leo. Usipande juu ya paa lenye maji, gizani. Zima umeme wa chumba hicho kwenye swichi kuu. Ondoa watu na vitu chini ya sehemu iliyoshuka, weka chombo kikubwa, kisha toboa dari kwa bisibisi pale iliposhuka zaidi, ukisimama pembeni. Tundu dogo la makusudi ni nafuu kuliko bodi nzima kuporomoka.

Mvua ikikatika na paa likikauka, funika dirisha kwa turubai. Ukingo wa juu wa turubai uvuke mgongo wa paa na kushukia upande wa pili. Turubai inayoishia katikati ya mteremko inapokea maji kwa mdomo wazi na kuyapeleka palepale ulipokuwa unapakimbia. Ishikize kwa kuviringisha kingo zake kwenye mbao ndefu, wala usipigilie misumari kwenye paa zima ili kuokoa tundu moja.

Habari Fundi. Nyumba yetu ni ya mabati, na jikoni tumeweka bati angavu moja ili kupata mwanga. Mwaka wa kwanza lilikuwa zuri. Sasa linavuja kwenye skrubu karibu zote na limepasuka nyufa ndogondogo kuzunguka matundu. Fundi alitumia skrubu zile zile za mabati mengine. Bati lilikuwa feki?
*Baba wa jikoni lenye mwanga*

Nzuri, baba. Huenda lilikuwa zuri kabisa. Kilicholiua ni hizo skrubu zile zile.

Chuma na plastiki haviendi mwendo mmoja juani. Chukua bati la mita 3 ambalo joto lake linapanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi mchana, jambo la kawaida kabisa kwenye paa. La chuma litarefuka kama milimita moja na nusu. La polikaboneti, ile plastiki ngumu ya mabati angavu, litarefuka karibu milimita 8. Usiku yote mawili yanarudi. Sasa wewe umelibana la plastiki kwa skrubu iliyojaa tundu lake barabara. Kila mchana linasukuma, kila usiku linavuta, na pa kwenda halina. Linapasukia kwenye matundu, kisha washa za mpira, zile pete zinazokaa chini ya kichwa cha skrubu, zinalegea, na mvua inapata njia kwenye kila skrubu.

Bati jipya litobolewe kwa dreli kabla ya kufungwa, mwendo wa polepole, bila kugongelea msumari hata mmoja. Tundu liwe pana kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, na juu yake ikae washa pana yenye mpira inayofunika tundu lote. Skrubu zikae kwenye migongo ya bati, siyo kwenye mabonde yanayopitisha maji, na chini ya mgongo wekeni kigingi cha umbo lake ili bati lisibonyee. Kazeni mpaka mpira utulie, basi. Ukiona washa imezama na plastiki imeingia ndani, umeshapitiliza.

Halafu lipange na majirani zake. Kichwa cha bati angavu kiingie chini ya bati la juu, mkia wake ulale juu ya bati la chini, na zipishane sentimita 15 hadi 20. Paa lenye mteremko mdogo lipewe hizo 20, na ukanda wa butili, yaani utepe wa mpira unaonata, katikati ya mapishano. Mawimbi yake lazima yafanane na ya mabati yako. Ukikuta pengo kwa sababu wimbi moja ni la duara na jingine la pembe, rudisha bati dukani, pengo hilo usilijaze na chochote. Na someni karatasi iliyobandikwa: polikaboneti nyingi zimekingwa dhidi ya jua upande mmoja tu, na upande huo unaangalia juu. Likigeuzwa, linakuwa la njano na kukatikakatika mapema, na hapo ndipo watu huanza kusema feki.

Kama la zamani lilikuwa la faibaglasi na sasa nyuzi zake zinaonekana juu, zikikuwasha mkononi unapogusa, usihangaike na viraka. Toa.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Asikanyage mtu bati angavu, liwe jipya, liwe kuukuu, hata kama fundi anasema ni mwepesi. Watu hufa kwa kutumbukia kwenye haya. Likishachakaa na kushika vumbi, au likipakwa rangi sawa na mabati mengine, halionekani kabisa kutoka juu. Laza ubao mrefu unaovuka papi mbili au tatu, zile mbao zinazobeba mabati, kanyaga ubao, jifunge kamba. Kabla ya kupanda, ingia ndani, tazama juu na uhesabu mabati angavu yako wapi.

Fundi, letu linavuja mvua ikija na upepo wa upande mmoja tu. Mvua ya kushuka wima, hata kubwa, hakuna tone. Tumeziba kila tundu tuliloliona kwenye fremu, hata yale madogo ya chini, na sasa linavuja zaidi.
*Ndugu wawili*

Yale madogo ya chini yazibueni leo.

Fremu nyingi hujengwa zikijua kwamba maji kidogo yatapita raba ya nje. Yanaingia kwenye mfereji uliofichwa ndani ya fremu na kutokea nje kwa vitundu vya chini. Mmefunga mlango wa kutokea na kuacha wa kuingilia. Tumieni kijiti au waya laini, toeni silikoni yote, mimina kikombe cha maji kwenye mfereji na muhakikishe yanatokea nje.

Halafu upepo. Upepo wa mita 13 kwa sekunde, yaani kama kilomita 47 kwa saa, ukigonga moja kwa moja una nguvu ya kuinua maji kama sentimita 1. Kwa hiyo ukingo wa bati unaopanda sentimita chache tu, au mapishano mafupi, huwa salama siku tulivu na hushindwa siku ya dhoruba. Angalieni upande ule upepo unakotokea: raba ya kioo kwenye pembe (raba husinyaa kwa miaka, na pengo huanzia pembeni), komeo kama linabana kweli, na urefu wa flashingi ya ubavu. Raba hununuliwa kwa umbo lake na kubadilishwa yote kwa mkupuo, pembe zikiunganishwa vizuri. Kipande cha sentimita 10 kilichochomekwa kwenye pengo kitatoka.

Na kwa kuwa mmeshazoea silikoni, nawapa la kuangalia kwenye kopo. Ile yenye harufu ya siki wakati inakauka hula zinki na metali nyingine kadhaa, na haifai kwa saruji. Kwenye mabati na fremu tafuteni isiyo na asidi. Kwenye polikaboneti na akriliki someni kwanza kama kopo linaruhusu, kwa sababu baadhi ya gundi na viyeyushi huzipasua.

Tuna paa bapa la zege. Fundi aliweka kuba la plastiki, akalikalisha sawa na zege ili lisionekane kutoka barabarani, kisha akazungushia saruji. Maji yanaingia pande zote nne.
*Msomaji wa paa bapa*

Pande zote nne ni jibu tosha: fremu imekaa ndani ya dimbwi. Kwenye paa bapa, fremu inatakiwa ikae juu ya kisanduku cha zege au mbao kinachoinuka angalau sentimita 15 juu ya uso wa mwisho wa paa, yaani baada ya lami, vigae na kila kitu. Shuka la lami lipande kwenye kuta za kisanduku hicho na kuishia chini ya mdomo wa kuba. Saruji aliyozungushia haina faida, inapasuka, na kama fremu ni ya aluminiamu, saruji mbichi inaila. Kazi yenu ni kutoa kuba, kujenga kisanduku, kupandisha lami, kurudisha kuba. Gharama ya kupaka kitu kila mwaka mtakuwa mmeiepuka, na barabarani wataona kuba. Waone.

Fundi, tumenunua nyumba kuukuu yenye dirisha la paa. Muuzaji anasema lilivuja zamani na limeshatengenezwa. Pana duara la kahawia kwenye dari. Nimelipaka rangi nyeupe, limerudi. Je, bado linavuja? Na nitajuaje kama mbao zimeoza?
*Mnunuzi mgeni*

Duara kurudi si ushahidi wa kuvuja. Rangi ya maji huyeyusha ule ukahawia na kuupandisha juu tena. Chora mstari wa penseli kwenye ukingo wa duara na uandike tarehe pembeni. Mvua kubwa ikinyesha, tazama: likivuka mstari, au dari ikiwa laini na baridi ukiigusa, muuzaji amekupa nusu ya habari.

Kwa mbao, panda darini na bisibisi. Choma kwenye mbao zinazozunguka tundu, hasa ule wa chini na pembe zake. Mbao nzima inakataa na kukwanyuka kwa vibanzi virefu. Iliyooza inapokea bisibisi bila ubishi na kuvunjika vipande vifupi. Ukiwa na kipimo cha unyevu, mbao iliyo chini ya asilimia 20 haina hofu ya kuoza. Ikizidi hapo na kubaki hivyo, maji bado yanaingia. Mbao nyeusi lakini ngumu na kavu ilivuja zamani kweli. Iache.

Umeuliza pia, kwenye barua ya pili, kama utengeneze au ununue jipya. Fremu ikiwa imeoza au kuba limepasuka kwenye skrubu, na paa lenyewe linakaribia kubadilishwa, weka dirisha jipya siku hiyo hiyo ya kubadilisha paa pamoja na flashingi mpya. Kufungua vigae mara mbili ni kulipa mara mbili. Fremu ikiwa nzima, badilisha kilichokufa tu.

Mstari wako wa penseli ukikaa mvua kadhaa bila kuvukwa, kwangua rangi iliyobanduka, acha dari ikauke vizuri, paka kwanza rangi ya msingi ya kuzuia madoa, ile ya mafuta au ya sheleki, kisha ndipo upake nyeupe yako.